Dalali Ametangulia

Sensa ya mwaka 2022 ilituletea Dar es Salaam ndogo kuliko ile tuliyozoea kuisimulia. Vijiweni, na hata katika maandishi ya wataalamu, jiji lilikuwa limeshapewa watu milioni sita, saba, wengine wakikoleza hadi nane. Hesabu ilipotoka, mkoa ulikuwa na watu 5,383,728. Kasi ya ongezeko, iliyokuwa asilimia 5.6 kwa mwaka kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012, ilikuwa imeshuka hadi asilimia 2.1. Wapo walioshusha pumzi wakidhani jiji limeanza kutulia.

Waliofunua ukurasa wa mkoa wa jirani walikuta habari nyingine. Pwani, ambayo mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,098,668, ilikuwa imefika 2,024,947. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi, na si Rufiji wala Mafia peke yake iliyozaa watu wote hao. Simama Vikindu, Kerege au Kibaha Maili Moja saa kumi na moja alfajiri utawaona barabarani, mikoba mkononi, wakisubiri gari la kwenda Kariakoo, Posta au bandarini. Dar es Salaam haijatulia. Imevuka mpaka wa mkoa, na ramani za usafiri zimebaki ng'ambo ya pili.

Mjadala wa usafiri wa jiji hili huanzia kwenye foleni, na foleni hutupotosha. Aliyekaa saa mbili Ubungo au Tazara huona tatizo la barabara nyembamba, na dawa anayoitaka ni barabara pana au barabara ya juu. Zimejengwa. Ya Tazara ilifunguliwa 2018, ya Ubungo 2021. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, la Tanzanite 2022. Kila moja lilifungua fundo lake, na foleni ikasogea hadi makutano yanayofuata. Kumbe foleni ya leo iliamuliwa miaka kumi au kumi na tano iliyopita, mbali kabisa na makutano hayo, na mtu asiye na cheo wala mhuri: dalali wa viwanja. Huyo ndiye mpangaji wa kwanza wa usafiri wa Dar es Salaam. Wengine wote, wenye shahada na kompyuta, humfuata nyuma.

Si kwamba jiji limekosa mipango kabambe. Wa mwaka 1949 uliandaliwa na kampuni ya Mwingereza Alexander Gibb, wa 1968 na Wakanada, na wa 1979 na Wakanada wengine. Mwaka 1967 mji ulikuwa na watu 272,821, idadi ambayo leo ingeenea katika kata chache tu. Mpango wa 1979 ulikusudiwa kuongoza ujenzi kwa takribani miaka ishirini, na muda wake ulipokwisha hapakuwa na ramani kuu nyingine iliyopitishwa kuchukua nafasi yake. Mwingine, wa 2016 hadi 2036, ulikuja wakati sehemu kubwa ya jiji imekwishajengwa holela. Kati ya sensa ya 1988 na ya 2012 waliongezeka watu milioni tatu. Walilala wapi usiku wa kwanza? Walikoonyeshwa kiwanja cha bei nafuu.

Umbo la jiji lilirithiwa kutoka bandarini. Barabara nne kuu, yaani Bagamoyo, Morogoro, Pugu ambayo sasa ni Nyerere, na Kilwa, zinatawanyika kutoka mjini kama vidole vya kiganja, na watu wakajenga kufuata vidole. Kati ya kidole na kidole palibaki mabonde, mashamba, na baadaye vichochoro. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi mtu wa Mbagala mwenye shughuli Tegeta alilazimika kukaribia mjini kwanza, kisha atoke tena. Barabara ya Mandela ndiyo iliyofunga vidole hivyo kwa karibu, lakini nayo ni njia ya malori ya bandari. Abiria wa Buguruni na lori la mafuta linalokwenda Zambia hugombania lami moja.

Aliyeziba pengo ni daladala, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu daladala husimuliwa kama vurugu ilhali ina akili yake. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa 1974 baada ya kampuni ya mabasi ya enzi za ukoloni kutaifishwa. Muongo ule ukiisha, vipuri na mafuta vikawa adimu, mabasi yakazidi kupungua huku watu wakizidi kuongezeka. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kujificha, na mwaka 1983 serikali ikayaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala. Jina likabaki hata baada ya dala yenyewe kufa. Waliopanda chai maharage, yale magari ya mabenchi ambamo abiria walikaa wakitazamana kama wako mgahawani, hawahitaji kuelezwa yalivyokuwa.

Daladala inaendeshwa na neno moja: hesabu. Tajiri, yaani mwenye gari, hataki mshahara wa dereva umsumbue. Anataka kiasi alichopanga kila jioni. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ni cha dereva na konda. Basi kila tabia inayotukera ina sababu yake hapo. Gari husubiri hadi lijae kwa sababu siti tupu inatoka mfukoni mwa dereva. Hukimbizana na wenzake kwa sababu abiria wa kituo kijacho ni wa atakayefika kwanza. Mwanafunzi husukumwa mlangoni kwa sababu analipa nauli pungufu na anachukua nafasi ile ile. Gari hukatisha ruti kwa sababu kipande cha mwisho hakina watu. Abiria nao wana mbinu zao: jioni, anayetaka siti hupanda gari likiwa linaingia mjini na kugeuza nalo, akilipa nauli mara mbili ili arudi nyumbani amekaa. Hayo si maovu ya tabia. Ni mkataba mbaya unaozaa tabia mbaya, na mwenye kutaka kuibadili tabia aanze na mkataba.

Lakini daladala ilifanya jambo ambalo hakuna mpango uliowahi kulifanya: iliwafuata watu. Mtaa mpya wa Dar es Salaam una ngazi zake. Kwanza watu hutembea hadi barabarani. Kisha huja bodaboda mbili tatu chini ya mwembe, biashara iliyohalalishwa kubeba abiria mwaka 2010. Baadaye bajaji. Siku moja dereva wa kosta anagundua kwamba abiria wanatosha, anajaribu njia, anapata, na wenzake wanamfuata. Kituo hupewa jina la duka au mti. Wakazi huanza kudai lami. Lami inapofika, kama inafika, mtaa una miaka kumi na tano, kuta zimesogea hadi ukingo wa njia, na nafasi ya kuweka mfereji wa maji haipo, sembuse kituo cha basi. Mpango rasmi huja kukuta ngazi zote zimeshapandwa.

Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka kwenye njia yake maalumu, ndiyo jaribio kubwa kuliko yote la kuugeuza mtiririko huo, na sitaki kulibeza. Wazo lilianza kuandaliwa na halmashauri ya jiji mwanzoni mwa miaka ya 2000, likiongozwa na mfano wa miji ya Amerika ya Kusini. Wakala wa DART uliundwa 2007, ujenzi ukaanza 2012, na mabasi yakaanza kubeba abiria tarehe 10 Mei 2016 katika njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Kariakoo na Morocco. Safari iliyokula saa mbili na ushee ikawa chini ya saa moja. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya njia hiyo. Aliyewahi kusimama Kimara akisubiri nafasi ya kuning'inia mlangoni alielewa tuzo hiyo bila kutafsiriwa.

Sasa tazama muda. Kutoka wazo hadi basi la kwanza ilipita zaidi ya miaka kumi na mitatu, na katika miaka hiyo jiji lililokuwa na watu milioni 2.5 lilikaribia kuwa maradufu. Njia ilichorwa hadi Kimara kwa sababu ilipochorwa, Kimara ilikuwa pembezoni. Basi la kwanza lilipoondoka, watu walikuwa wamejaa Mbezi, Kibamba, Kiluvya, na wengine wameshavuka hadi Kibaha. Mwaka 2021 hata stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihama Ubungo ikaenda Mbezi Luis, kilomita kadhaa mbele ya mwisho wa mwendokasi. Kimara, mahali palipopangwa kuwa mwisho wa safari, pamekuwa mahali ambapo safari ya pili huanzia, na foleni ya kadi pamoja nayo.

Awamu zinazofuata zina kovu lile lile. Ya pili inakwenda Mbagala kwa barabara ya Kilwa, ilhali viwanja vinauzwa Vikindu na Mkuranga. Ya tatu inakwenda Gongo la Mboto, ilhali watu wako Chanika na Msongola. Ya nne inakwenda Tegeta, ilhali mabango ya viwanja yako Mapinga na Kerege. Awamu ni sita, na ukiziweka zote juu ya ramani utapata picha nzuri kabisa ya jiji la mwaka 2005. Kila awamu, tena, ina fedha zake: Benki ya Dunia huku, Benki ya Maendeleo ya Afrika kule, Wafaransa kwenye barabara ya Mandela. Fedha za mkopo hupenda zege kwa sababu zege hupimwa na kupigwa picha. Kuajiri mwendeshaji, kununua mabasi na kupanga mabasi madogo ya kulisha njia kuu ni kazi isiyo na utepe wa kukatwa. Ndiyo maana barabara ya Kilwa ilikaa muda mrefu na njia yake safi katikati, vituo vimesimama, na hakuna basi, huku wakazi wa Mbagala wakibanana kwenye kosta pembeni.

Pale Jangwani kuna somo jingine. Karakana ya awamu ya kwanza iliwekwa kwenye bonde la mto Msimbazi, na kila mvua kubwa inaponyesha maji hurudi mahali pake, barabara hufungwa na mabasi hukwama. Ni rahisi kuwacheka waliochagua. Lakini jiulize: karibu na katikati ya jiji, eneo gani lingine kubwa lilikuwa bado wazi? Bonde lilibaki wazi kwa sababu mto unalidai. Penginepo pote pamejengwa. Mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi unakusudia kuinua daraja la Jangwani na kuihamisha karakana, na kwa maana hiyo tunalipia mara mbili kitu ambacho kingegharimu kidogo sana kama kipande cha ardhi kavu kingetengwa mapema.

Kutenga, hata hivyo, si kuandika tu. Barabara ya Morogoro, kuanzia Ubungo kwenda Kiluvya, ina hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Kuna barabara chache sana nchini zilizopewa ukarimu huo. Kisheria, nafasi ya kujenga chochote ilikuwapo: njia nane, mwendokasi, reli, bustani. Lakini kwa miongo mingi hakuna aliyeilinda. Watu walinunua, wakajenga, wakaingiziwa umeme na maji, wakalipa kodi za majengo, wengine wakifungua mashauri mahakamani kuhusu upana huo. Mwaka 2017 zikaja alama za X na matingatinga, ili barabara ya kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha ipanuliwe kuwa njia nane. Serikali ilisema watu wamevamia. Watu wakauliza: huyo aliyetuuzia, aliyetuandikia hati ya mauziano ofisi ya mtaa, na aliyetuwekea mita ya umeme walikuwa nchi gani? Nadhani wote wawili walikuwa na hoja, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ardhi iliyohifadhiwa kwenye karatasi bila mlinzi ni mtego kwa mnunuzi na ni gharama kwa mjenzi.

Mji wa Curitiba, Brazil, ambao ndio mama wa mwendokasi zote duniani, ulianza njia zake za mabasi mwaka 1974. Watembeleaji hurudi wakisifu vituo vya vioo na mabasi marefu. Siri ilikuwa kwenye sheria ya ujenzi: kando ya njia ya basi iliruhusiwa, na ikahimizwa, kujenga maghorofa, mbali na njia, nyumba za chini. Basi na ardhi vilipangwa mezani pamoja. Kwetu, mwendokasi ya barabara ya Morogoro inapita Manzese katikati ya nyumba za chini za bati, kama ilivyopita daladala. Mahali pekee panapokumbusha Curitiba ni Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilizokuwa zikikaa nyumba za zamani zilijengewa maghorofa yaliyozinduliwa 2022, hatua chache kutoka kituoni. Mama anayekaa ghorofani pale anafika Kariakoo kabla mwenzake wa Chanika hajapata bodaboda ya kumtoa ndani. Eneo moja kama hilo lina faida kubwa ya usafiri kuliko barabara za juu kadhaa, na sijasikia likizungumzwa kama mradi wa usafiri.

Nani basi angeyaunganisha haya? Mfuate abiria mmoja tu anayetoka Kigamboni kwenda kazini Ubungo. Mtaa wake ni wa TARURA. Barabara kuu ni ya TANROADS. Pantoni ni ya TEMESA. Akiamua kupita darajani, daraja ni la mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Ng'ambo akipanda mwendokasi, yuko kwa DART. Nauli imepangwa na LATRA. Kama angepanda treni, angekuwa wa shirika la reli au la TAZARA. Kila ofisi ina mpango mkakati wake, na bila shaka kila mpango una ukurasa wa dira. Mpango kabambe wa usafiri ulioandaliwa kwa msaada wa Wajapani mwaka 2008, wenye upeo wa 2030, ulishauri kuwe na mamlaka moja ya usafiri wa jiji. Haikuundwa. Badala yake, Februari 2021 halmashauri ya jiji iliyokuwa mwavuli wa manispaa zote ilivunjwa, Ilala ikapewa hadhi ya jiji, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki kila moja na lake. Ukijumlisha Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, ambazo ziko chini ya mkuu wa mkoa mwingine kabisa, utaona kwamba jiji halisi la Dar es Salaam, lile la watu wanaoamka na kwenda kazini, halina hata ofisi moja inayoliona lote.

Reli ndiyo inayonipa matumaini, ingawa kwa tahadhari. Treni ya mjini ilianza Oktoba 2012, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri aliyeisukuma, na ikaonyesha kwamba reli kuukuu iliyokuwa ikitazamwa kama kizuizi cha magari inaweza kubeba wafanyakazi bila kugusa foleni. Sasa kuna reli ya umeme, iliyoanza kupeleka abiria Morogoro Juni 2024, na inapita Pugu, Soga na Ruvu. Yaani inapita juu ya ardhi ile ile ambako jiji linahamia. Kama treni za asubuhi na jioni za wafanyakazi zingepangwa kwenye njia hiyo, Soga, kwa muda wa safari, ingekuwa karibu na Posta kuliko Mbezi. Lakini hilo lina maana tu ikiwa ardhi inayozunguka stesheni itapimwa leo, barabara zake ziwekewe vigingi, soko na shule vitengewe nafasi, na nyumba ziruhusiwe kupanda juu. Vinginevyo tutakuwa na stesheni ya kisasa iliyozungukwa na vichochoro, na bodaboda mia mbili getini.

Na serikali ikitaka kumtangulia dalali, inaweza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Ardhi ilipima viwanja elfu ishirini kwa mpigo pembezoni mwa jiji: Kibada, Gezaulole, Toangoma, Buyuni na kwingineko. Viliuzwa vikaisha. Leo ukipita maeneo hayo utajua kwa macho tu, kwa sababu barabara zimenyooka. Kasoro yake ilikuwa kwamba wapimaji wa ardhi na wapangaji wa mabasi hawakukaa pamoja. Viwanja vikubwa, mbali, bila njia ya basi, vikawa vya wenye magari, na wenye magari hao ndio waliokuja kujaza foleni ya Kilwa na daraja la Kigamboni. Ilikuwa nusu ya kazi, lakini nusu iliyo ngumu.

Kwa hiyo nikiulizwa shilingi ya kwanza ya mpango wa miaka thelathini iende wapi, sitaipeleka Ubungo. Nitaipeleka Mkuranga na Kisarawe, ikanunue na kulinda vipande vya ardhi vya upana wa mita thelathini au arobaini, vinavyokatiza kutoka kidole kimoja cha jiji hadi kingine, wakati bado hakuna cha kubomoa. Hakuna kiongozi atakayepata sifa kwa kuzindua kigingi. Mradi wenyewe ungeonekana kama uwazi tu: nyasi, mbuzi wawili, na kibao cha kukataza ujenzi ambacho kuna mtu analipwa kukilinda.

Huko Mkuranga, wakati huu, mauzo yanaendelea. Dalali anapima kwa miguu, hatua ishirini kwa ishirini, anachomeka kijiti cha mhogo kila kona. Mnunuzi anatazama huku na huku, anaona minazi na viwanja vingine vilivyokwisha chomekwa vijiti vinavyogusana, na anauliza swali ambalo wapangaji wote wangelipenda kuulizwa: njia ya kupita iko wapi? Dalali anafuta jasho. "Njia mtaachiana wenyewe."